Mchawi Wangu Alikosa Mara Tatu

Nilikuwa nacheza Battle for Wesnoth, gemu ya vita ya zamu kwa zamu kwenye kompyuta. Zimwi lilikuwa limebakiza alama 3 za uhai. Mchawi wangu alikuwa na mapigo matatu, na kila pigo lilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 wa kulipata. La kwanza likapita. La pili likapita. La tatu sikulitazama, nilikuwa nimeinua kikombe cha chai, lakini mlio wa kukosa niliusikia. Ilipofika zamu ya adui, zimwi lile lile likamgeukia nahodha niliyemlea tangu misheni ya kwanza, likammaliza.

Piga hesabu mwenyewe: kukosa yote matatu hutokea chini ya mara 3 katika kila 100. Si muujiza. Ni mkosi tu, na ulinikuta mimi, saa sita usiku, mtaani Umoja, Nairobi.

Gemu yenyewe aliianzisha David White mwaka 2003, na tangu hapo watu wa kujitolea wamekuwa wakiiendeleza. Kwenye kompyuta ni ya bure, haina matangazo, wala haikukatizi katikati ya vita ikuuzie sanduku la dhahabu. Laptopu yangu niliinunua barabara ya Luthuli ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, labda wawili. Gemu za mpira huifanya ingurume kama posho mill. Wesnoth haiitoi jasho. Stima ikipotea na betri ikaniangusha, sipotezi zaidi ya zamu moja, kwa sababu gemu hujihifadhi yenyewe kila zamu.

Utamu wake uko kwenye ardhi. Uwanja umegawanywa vipande vya pembe sita, na pale unaposimama ndipo penye vita. Askari wangu wa mkuki akiwa kwenye nyasi, adui humpata kwa asilimia 60. Akiingia kijijini, inashuka hadi 40. Akiwa kwenye maji ya kina kifupi, inapanda hadi 80, na hapo umemtoa kafara. Halafu kuna jua. Watu wa nuru huongezewa robo ya nguvu za kupiga mchana na kupungukiwa robo usiku. Mazimwi ni kinyume chake. Kwa hiyo mchana unasonga mbele, na giza likianza kuingia unarudi nyuma ukajibanze vijijini. Mtu aliyewahi kuchelewa kutoka mjini hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Mifupa inayotembea nayo ina adabu zake. Mishale na mikuki huifanyia kidogo sana, panga nazo si sana. Ukitaka kuivunja, leta moto au rungu. Rungu! Nilicheka peke yangu.

Pale stejini karibu na kwangu kuna fundi viatu ambaye hajawahi kufungwa drafti mbele ya macho yangu. Ubao wake ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa kalamu, kete ni vifuniko vya soda, upande mmoja vimefunikwa na mwingine vimefunuliwa. Siku moja nikamkalisha mbele ya laptopu. Alielewa ardhi haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Kisha mchawi akamkosea mara mbili, naye akanisukumia mashine. "Kijana, hii si drafti. Hii ni kamari."

Nilimwambia hapana mzee, na bado nasema hapana. Kwenye drafti kosa ni lako, basi. Wesnoth inakudai zaidi: unapanga kana kwamba pigo litakosa. Mimi sikufanya hivyo. Nahodha wangu sikumwekea mtu wa kumkinga, nikaweka matumaini yangu yote kwenye ile 70. Bahati imelaumiwa bure.

Kasoro ninayoiona iko kwingine, na ni kubwa kuliko hiyo. Askari akinusurika vitani hupata uzoefu, akiutosheleza hupanda daraja, na misheni ijayo unamwita tena kwa dhahabu 20. Hata awe gwiji wa daraja la tatu, ni 20 zile zile. Mkurugenzi kwa mshahara wa kibarua! Mkuki mpya asiyejua kitu ni 14. Ongeza kwamba ukimaliza mapema unalipwa bonasi, na sehemu ya dhahabu yako unavuka nayo. Aliyeshinda vizuri anaanza misheni ya pili akiwa na magwiji na mfuko mzito. Aliyeshinda kwa kuchechemea anaanza na vijana wa jana na sarafu za kuhesabu. Mwenye nacho huongezewa.

Na gemu haikuambii. Inakupongeza "ushindi" misheni ya nne, ushindi ulioupata kwa kuzika watu sita, kisha inakuacha utembee na maiti yako hadi misheni ya tisa ndipo uigundue. Jumamosi mbili zimekwenda. Ndiyo maana watu hufungua akiba ya zamu iliyopita na kupiga tena hadi pigo limpate adui. Nimefanya hivyo, sikatai, na nikifanya hivyo mchezo unachacha mdomoni, maana uoga ndio uliokuwa chumvi yake.

Kuhusu kompyuta kama mpinzani sina mengi: ina hamaki. Mwekee chambo dhaifu kando ya mto, atakuja kuogelea.

Nahodha sikumfufua. Nimebaki na magwiji watatu, mganga mmoja mweupe na dhahabu isiyofika 100, na najua vizuri kwamba nitarudi mwanzo kabisa, mara ya tatu sasa. Fundi naye amenitumia ujumbe. Anataka tuchezee laptopu moja Jumapili, zamu kwa zamu, yeye achukue mazimwi. Ana sharti moja: wachawi wasiwepo. Nitachukua mbilikimo na mashoka yao.