Boksi Halirudishwi

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia, maofisini hapa Dar es Salaam huanza kuingia maboksi. Ndani mna lozi, korosho, vipande vya barfi, vitamu vya maziwa, vyenye utando wa fedha, na kadi yenye nembo ya kampuni. Mwaka jana nililetewa manne. Nilishukuru, nikala, na mpaka leo sijui ni nani hasa aliyenikumbuka.

Nimekulia ghorofani, si mbali na mtaa wa Kisutu, ule wenye mahekalu ya Kihindu yanayofuatana. Juu yetu aliishi bibi wa Kigujarati ambaye sote tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Diwali yake ilikuwa ya siku tano, na sisi watoto tulizijua kwa macho na pua kuliko kwa majina. Majani ya mwembe na maua ya manjano yalitundikwa juu ya mlango. Kizingitini ilichorwa rangoli ya unga wa rangi, nasi tukairuka tusije tukaiharibu. Usiku mkuu wenyewe ni wa giza, mwezi hauonekani kabisa, na ngazi nzima ilipangwa taa ndogo za udongo zenye utambi wa pamba na samli.

Chini dukani, mwanawe alikuwa na ibada ya wafanyabiashara, Chopda Pujan. Daftari jipya la hesabu, lenye jalada jekundu, liliwekwa mbele ya picha za Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na Ganesh, mungu wa kuondoa vikwazo, na kabla ya tarakimu yoyote likaandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Siku hizi nimeona hata kompyuta ikitiwa alama nyekundu ya unga wa kumkum. Sicheki. Deni ni deni, liwe kwenye karatasi au kwenye kioo.

Mwaka mpya wao ukiingia, Ba alishuka na sahani ya stili iliyofunikwa kitambaa, yenye vitamu na vitafunwa vya Kigujarati: penda, chakri, ghughra. "Saal Mubarak!" Mama hakuhitaji mkalimani, mubarak ilikuwa ile ile ya Idi yake.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Na Ba hali nyama, samaki wala mayai, hata kitunguu na saumu hagusi. Mama akamtengenezea kashata za nazi zenye iliki, katika sufuria aliyoinunua kwa ajili hiyo tu. Ole wako uchemshie dagaa! Ili kumrudishia Ba sahani yake, ilimbidi kwanza ajue Ba anaishi vipi.

Boksi halina kazi hiyo. Ni safi, linabebeka, na likishaliwa linatupwa. Najua mfanyabiashara mwenye wateja mia mbili hawezi kugawa sahani, na kwa mfanyakazi bonasi ni bora kuliko penda. Lakini nasi wapokeaji tumekuwa wavivu. Tunaulizana "Wahindi wameleta nini mwaka huu?" huku hatujui hata taa zile zinawashwa kwa nini.

Wenyewe wana desturi ninayoipenda kuliko fataki zote. Pesa za zawadi hazitolewi mia kamili, hutolewa mia na moja, au mia tano na moja. Siku ya tano, Bhai Bij, kaka wa Ba alikuja kula kwa dada yake, akapakwa alama ya paji, akaacha bahasha. Ile moja ya ziada, alituambia Ba, ni mbegu ya zawadi ijayo.

Ba alihamia Leicester, Uingereza, kwa wanawe, akafia huko. Aliondoka wiki chache baada ya Diwali, na sahani yake ya mwisho ilibaki kwetu, Mama akisubiri nazi nzuri. Ipo bado kabatini. Haijapakuliwa samaki hata siku moja.