Nyuklia ya Kupima

Mita ya umeme nyumbani kwangu huanza kulia saa nane za usiku, wala si kwa sababu uniti zimekwisha, bali kwa sababu zinakaribia kwisha, mfano wa mgeni anayeaga mlangoni saa nzima na kumbe hajafungasha. Nami huamka, kwa maana katika friza iliyo kando ya kitanda changu mna vikombe 80 vya barafu ya ukwaju na ubuyu, ambavyo ndivyo karo ya watoto, ndivyo kodi ya nyumba, na ndivyo heshima yangu yote hapa Kilifi. Hununua tokeni ya shilingi 100 kwa simu, kisha nikasimama gizani bila miwani nikibonyeza tarakimu 20, na nikifika ya 17 huwa sina hakika kama ile ya nne niliibonyeza 6 au 8. Mita hunikatalia kwa mlio mwingine, mfupi na wa dharau, ambao mke wangu ameuzoea kiasi kwamba huucheka akiwa usingizini.

Ndiyo maana niliposikia redioni kwamba wakubwa wa umeme wa nchi hii wanafikiria kuwekeza fedha za umma katika vinu vidogo vya nyuklia, nilizima feni ili nisikie vizuri na wakati huohuo niokoe uniti. Habari ya nyuklia si ngeni kwetu. Kinu kikubwa cha megawati 1,000 kilikusudiwa kujengwa hapa hapa Uyombo, wavuvi na wenyeji wakaandamana mwaka 2024 kukipinga, na mwaka uliofuata macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kilichonishtua safari hii ni lile neno “vidogo”. Nilitoka nikaenda kwenye baraza la kahawa kumtafuta Mwalimu mstaafu, ambaye husoma kila kitu, yakiwemo magazeti yaliyofungiwa mahamri.

“Kidogo, bwana, ni kile kisichozidi megawati 300,” Mwalimu alinijibu, akakiweka kikombe chake chini ili mikono ipate nafasi ya kufundisha. Alinieleza kwamba vinu viwili vya Koeberg kule Afrika Kusini, ambavyo ndivyo pekee barani vinavyouzia watu umeme hadi leo, kila kimoja hupita megawati 900. Sisi huku, mapema mwaka 2025, saa ya usiku ambayo Wakenya wote huwasha taa, hupika na kutazama taarifa ya habari, tulitumia megawati 2,300 na ushee tu. Ukiweka kinu kimoja cha 1,000 katika gridi ya namna hiyo, siku kikipiga chafya umepoteza karibu nusu ya nchi kwa mpigo. Akanikumbusha yule tumbili wa Juni 2016, aliyepanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma na kuizima, zikapotea megawati zaidi ya 180, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alitoka salama na hakulipishwa chochote.

Hoja hiyo niliikubali, kwa kuwa mimi si mtu wa kubishana na tumbili. Lakini Mwalimu amefundisha jiografia miaka 30 na hajawahi kuuza kitu kwa kupima, ilhali mimi ndiyo kazi yangu. Lita moja ya maji ya ukwaju nikiiuza katika chupa, mteja hunipa shilingi 100 na bado hulalamika. Lita hiyohiyo nikiigandisha katika vikombe 15 vya shilingi 10 (vikombe, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017 na biashara yangu nusura ife nayo), napata 150 na wateja wananishukuru. Muuza duka jirani hufanya vivyo hivyo kwa mafuta ya kupima, na shirika la umeme nalo hunifanyia vivyo hivyo kwa tokeni. Uchumi wa kadogo ndio uliotulea, na sheria yake ni moja: anayenunua kidogokidogo ndiye anayelipa zaidi. Sasa kinu kidogo nacho kinahitaji ukuta, leseni, wahandisi, mahali pa kuhifadhi taka na askari wa kulinda lango usiku. Kinu kikiwa theluthi ya kile kikubwa, je, wataajiri theluthi ya askari?

Mwalimu alinyamaza, jambo ambalo hutokea kwa nadra, kisha akakiri kwamba huko Marekani mambo hayo yamewahi kutokea. Shirika la umma la UAMPS, ambalo huinunulia umeme miji midogo ya Utah na majirani zake, lilikubaliana na kampuni ya NuScale kujenga vinu 6 vidogo huko Idaho, jumla ya megawati 462. Mwaka 2021 miji iliambiwa kwamba megawati-saa moja, yaani umeme wa megawati moja kwa saa moja, ingeuzwa dola 58. Januari 2023 ikaambiwa 89, na hiyo ni baada ya serikali ya Marekani kuahidi kuwashika mkono. Gharama ya mradi ikafika dola bilioni 9.3, miji ya kujiandikisha ikakosekana, na Novemba mwaka huohuo mradi ukavunjwa kabla zege la kinu halijamwagwa. Nilitamani kuwapigia simu madiwani wa Utah niwape pole, kwa sababu mimi pia huambiwa bei moja nikiwa nyumbani na nyingine nikifika kaunta.

Lakini watengenezaji nao wana jibu, na kwa haki ya mfanyabiashara lazima nilitaje. Wanasema vinu hivi vitaundwa kiwandani kwa mfululizo, kama matofali, na kila kinachofuata kitakuwa rahisi kuliko kilichotangulia, kwa kuwa mkono huzoea. Hilo ni kweli. Siku yangu ya kwanza ya barafu nilimwaga nusu ya ukwaju sakafuni na nikasahau sukari katika nusu iliyobaki, ilhali leo najaza vikombe nikiwa nimesinzia. Taabu ni kwamba nilizoea kwa hasara yangu mwenyewe, sikumtoza mteja wa kwanza gharama ya sakafu. Ontario, Kanada, shirika la umeme la jimbo limekubali kuwa mteja huyo wa kwanza: mwaka 2025 liliidhinishiwa vinu 4 vya megawati 300 huko Darlington kwa dola za Kanada bilioni 20.9, na wao wana mifuko mirefu. Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ilianzisha kampuni ya kuunda kinu chake kidogo mwaka 1999, zikatumika fedha zake, za serikali na za wawekezaji wengine zaidi ya randi bilioni 9, na mwaka 2010 wakaacha bila kuwasha hata taa ya chooni.

Nisieleweke vibaya, mimi sikiogopi kinu chenyewe. Warusi wameweka viwili vya megawati 35 juu ya chombo cha majini na kukiegesha Pevek, kaskazini kwenye barafu ya bure, na tangu mwaka 2020 watu wanapata umeme na joto. Ninachoogopa ni safari. Atomi itapasuliwa Siaya kwa ustadi wa hali ya juu, mbele ya wakaguzi waliovaa makoti meupe, umeme wake utavuka nchi nzima hadi pwani, kisha utafika kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba yangu, ambayo tangu mvua za mwaka juzi imeuegemea mwembe. Nimeripoti mara 4 na nikapewa namba 4 za malalamiko. Na juu ya mwembe huo, Mwalimu ni shahidi, wanaishi tumbili.

Isitoshe, kinu hununuliwa kwa dola na mimi hulipwa kwa vikombe. Tayari kwenye umeme wangu mna makato ya mafuta, ya umeme wa vijijini, ya VAT asilimia 16, na mengine ya kupanda na kushuka kwa fedha za kigeni, ingawa mimi fedha za kigeni sijawahi kuzishika isipokuwa mtalii mmoja aliponilipa kwa senti ambazo hazikubaliki popote.

Nilikuwa bado naendelea kumweleza Mwalimu haya yote pale mwanafunzi wa darasa la tatu aliposimama mbele ya kasha langu la barafu, akaniamkia shikamoo, akakichunguza kikombe upande wa chini hadi juu.

“Ami, mbona vimekuwa vidogo na bei ni ileile?”

Mwalimu aliangalia baharini. Nikamwambia mtoto kwamba hivi vya sasa ni vya kisasa zaidi, na kwamba arudi darasani, kengele imelia.