Siuzi, nashona tu

Jumamosi baada ya kikoba, pale kibarazani kwetu Chikongola, Mtwara, wifi yangu alinikuta nimepakata kanvasi yangu, kile kitambaa kigumu cha matundu cha kushonea picha kwa uzi, akaichukua akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Wifi, hii unauza shilingi ngapi?" Nikamwambia siuzi. "Haa, sasa faida yake nini?" Hakuuliza kwa ubaya, ni mtu ananipenda yule, ila lile swali limenikaa rohoni, leo siku ya nne, nimeona bora niliandike.

Alichokuwa ameshika mkononi ni mlango. Mlango wa nakshi wa nyumba moja ya zamani kule Mikindani, nimeupiga picha mwenyewe kwa simu, nikauchora kwenye daftari la hesabu la mwanangu, kijisanduku kimoja mshono mmoja. Upana inchi 2, urefu inchi 3, basi. Kanvasi yenyewe ina matundu 18 kwa inchi, kwa hiyo kila inchi ya mraba inakula mishono 324 na mlango mzima mishono 1,944, mimi niko kama nusu, na nusu hiyo imenichukua tangu mwezi ulioanza msimu wa korosho.

Utamu wake uko wapi? Uko kwenye mkono. Mwanzoni nilikuwa nashona mstari kwa mstari, kulia kwenda kushoto, kanvasi ikawa inavutika inalala upande mmoja, nikimaliza lazima niiloweshe niibane kwa pini kwenye ubao ikauke ndo inyooke. Siku nilipojifunza kwenda mshazari, kupanda na kushuka kama ngazi, kanvasi ikatulia, nikaigeuza nyuma nikakuta nyuzi zimepishana juu chini juu chini, ukili mtupu! Nilikaa naangalia ule upande wa nyuma kuliko wa mbele maana nilimwona bibi yangu msuka mikeka pale, vidole vyake kabisa. Na joto hili letu la pwani nalo linafundisha, mkono ukitoa jasho ile wanga ya kanvasi inalainika, kwa hiyo nashona alfajiri kabla jua halijachangamka, uzi nakata mfupi, usizidi mkono wa mbele, ukiwa mrefu unachakaa kwenye matundu kabla haujaisha. Kwa nusu saa ile sina deni, sina ada ya shule, nina uzi wa kahawia na nina tundu linalofuata.

Sasa niambieni jamani. Wanaume wa mtaani kwetu wanacheza bao chini ya mwembe kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, kuna mtu amewahi kwenda kuwauliza kete moja wanauza bei gani? Vijana wanalipa hela kuingia banda la mpira, wanatoka saa sita usiku hawana sauti, na kesho yake wanasimuliana kwa raha zao, hakuna anayewaambia waligeuze fursa. Lakini mwanamke akishika sindano tu, tayari ni mjasiriamali, tayari aambiwe atafute wateja, apige picha aweke kwenye status, aungane na wenzie wasajili kikundi. Kila semina, kila mkutano, fursa fursa fursa. Yaani mwanamke haruhusiwi kuwa na kitu anachokipenda kwa sababu anakipenda? Akipumzika lazima mapumziko nayo yalete hela? Mimi hilo linaniuma kweli.

Na nilishawahi kuuza, msidhani naongea hewani. Miaka ya nyuma mtu mmoja aliniagiza mito ya makochi minne, kanvasi ya matundu 10, inchi 14 kwa 14, maana yake mto mmoja ni mishono 19,600. Nilishona usiku na mchana, macho yamevimba, watoto wanakula wali mkavu, halafu siku ya kukabidhi akaniambia dukani kuna ya mashine bei nusu ya hiyo. Nikapunguza. Nilikaa mwaka mzima sijagusa sindano, nikiiona tu tumbo linakaza.

Haya, nakubali, pesa inahitajika, korosho zikianguka bei sote tunajua nyumba zinavyokuwa, na dada anayesomesha watoto kwa vitambaa vyake namheshimu sana tu. Auze. Ila asiniburute.

Binamu yangu aliyeko Uingereza aliwahi kwenda Windsor kuangalia nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, ilikamilika mwaka 1924, kila kitu mle ndani kimepunguzwa mara 12, na mabomba yanatoa maji na taa zinawaka. Hakuna mtu atakayeishi mle, na watu wanasafiri kwenda kuitazama. Yeye ndiye amenitumia kile kipande cha hariri cha matundu 40, kidogo kama kiganja cha mtoto, mishono 1,600 kwa inchi moja ya mraba, uzi unatumia mmoja peke yake. Nimekifungia kwenye bahasha, siku yake itafika.

Bibi yangu kule Newala alikuwa anasuka mikeka ya kuuza, lakini vile vipande vya ukili vinavyobaki alikuwa anasuka vikapu vidogo vya kuingia korosho mbili tu, anatupa sisi wajukuu. Hakuna aliyemuuliza faida. Alikuwa anasuka huku anacheka mwenyewe, na mimi changu ninacho mpaka leo, ndani naweka sindano zangu.

Wifi, ukisoma hii, kahawia imeniisha. Ukienda sokoni nitafutie, ile iliyoiva ya mbao ya mninga, nimebakiza bawa la kushoto la mlango.