Mkulima Mwenye Majina Mawili

Msimu uliopita wa korosho niliketi na karani wa chama kimoja cha msingi, nje kidogo ya mji wa Mtwara, tukilinganisha orodha ya malipo iliyotoka kwenye kompyuta na daftari la mizani. Idadi ya wakulima ilikuwa sawa na jumla ya kilo ilikuwa sawa, lakini baadhi ya wakulima walikuwa na kilo bila kuwa na majina. Mama mmoja alisimama dirishani na stakabadhi yake mkononi, na katika orodha ile hakukuwa na jina la kumwita.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata ya kompyuta, uliounganisha jina la kwanza, la kati na la mwisho kwa alama ||. Kwa mujibu wa kiwango cha SQL, chochote kikiunganishwa na NULL, yaani thamani isiyokuwepo, jibu lake ni NULL. Wakulima wale walijiandikisha kwa majina mawili tu, kama wafanyavyo wengi huku kwetu, na jina la kati lisilokuwepo likayafuta yale mawili yaliyokuwepo.

Waandishi wengi wa programu huchukulia kuunganisha maneno kuwa kazi ya kupamba ripoti, inayoachiwa dakika za mwisho. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwa mkulima anayesubiri fedha zake, jina lililochapwa kwenye orodha ndilo haki yenyewe.

Ugumu unaongezeka kwa sababu mifumo ya hifadhidata haikubaliani. Oracle huhesabu neno tupu, yaani lisilo na herufi hata moja, na NULL kuwa kitu kimoja, hivyo mstari uleule ungetoa jina kamili, likiwa na nafasi mbili katikati. Katika MySQL, alama ||, usipobadilisha mpangilio, humaanisha “au”, kwa hiyo badala ya jina unapata sifuri, au NULL ikiwa jina mojawapo halipo. CONCAT, amri ya kuunganisha maneno, katika MySQL hurudisha NULL ikikutana na NULL moja tu, ilhali CONCAT ya PostgreSQL huiruka. Mtu akihamisha swali, yaani mstari wa SQL kama ule, kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, maana inaweza kubadilika bila kosa lolote kuonekana kwenye kioo, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Napendelea CONCAT_WS, iliyomo katika MySQL, PostgreSQL na, tangu toleo la 2017, SQL Server. Unaipa kwanza kitenganishi, kisha maneno, nayo huruka kila NULL pamoja na kitenganishi chake. Hata hivyo hairuki neno tupu, na fomu nyingi huhifadhi neno tupu pale karani alipoacha nafasi wazi, kwa hiyo ni lazima kila safu ya jina ipitishwe kwanza kwenye NULLIF, amri inayoweza kuligeuza neno tupu kuwa NULL.

Lipo pia suala la ritifaa, ambalo sisi watumiaji wa Kiswahili tunapaswa kulijali kuliko wengi. Katika SQL, ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga maneno. Mwandishi wa programu akichukua alichoandika karani na kukiunganisha moja kwa moja ndani ya swali, mkulima wa Ng'apa, Lindi, ataliangusha swali lote, kwa kuwa hifadhidata itasoma “Ng” kama neno lililokwisha na kushindwa kuelewa herufi zinazofuata. Nimewaona makarani waliozoea kuandika “Ngapa” ili fomu ikubali, ingawa ng' na ng ni sauti mbili tofauti, na kufuta ritifaa ni kubadilisha jina la mahali pa watu. Isitoshe, tundu hilohilo ndilo mwenye nia mbaya hulitumia kuingiza amri zake na kusoma au kufuta data za wote. Dawa yake inajulikana miaka mingi: swali liandikwe likiwa na nafasi za vigezo, na thamani zipelekwe kando, zisichanganywe kamwe na amri.

Pale chamani tulirekebisha mstari ule, tukachapa orodha upya, na yule mama akaitwa kwa majina yake mawili. Tangu siku hiyo, kila mfumo ninaokabidhiwa naujaribu kwanza kwa wakulima wawili wa kubuni: mmoja asiye na jina la kati, mwingine mkazi wa Ng'apa.