Msizime Mtetemo wa Maneti

Wako wenye vyumba vya michezo, Katuba na Kamalondo, wanaozima mtetemo kwenye maneti zote (vidhibiti vya kuchezea vinavyoshikwa mkononi) ili betri idumu. Mota inayotetemesha ikikatika waya, wengine wanaing'oa kabisa. Kwa kuranti (umeme) yetu ya Lubumbashi naelewa hofu yao, lakini wanamnyima mchezaji kitu kikubwa. Chumba chenye televisheni sita zinazopiga kelele pamoja, masikio hayasaidii. Kiganja ndicho kingemwambia kwamba gurudumu limetoka kwenye lami.

DualShock 4, maneti ya PS4, ina mota mbili zinazozungusha vizito, yaani vipande vya chuma: ya kushoto ina kizito kikubwa na hunguruma, ya kulia ni ndogo na hutetema upesi. Udhaifu wake ni kwamba nguvu na kasi vimefungwa pamoja, tena ukiizima, kizito huendelea kuzunguka kidogo. DualSense, maneti ya PS5 ya mwaka 2020, iliacha vizito ikatumia koili (waya uliosokotwa) na sumaku, kama spika. Huanza na kukoma papo hapo, ndiyo maana matone ya mvua na mgongano wa gari havifanani mkononi. (Kwenye kompyuta tumia kebo ya USB, kwa Bluetooth michezo mingi hutoa mtetemo wa kawaida tu.)

Ngozi husikia zaidi mtetemo wa karibu mara 250 kwa sekunde, na ule usiokoma huuzoea upesi ikaacha kuusikia. Kwa hiyo kwenye PS5 punguzeni nguvu ya mtetemo hadi hafifu badala ya kuuzima. Betri itapata nafuu.

Mtetemo wa DualShock 4 ukifa upande mmoja, fungua skrubu 4 za nyuma, kisha tenganisha nusu zake polepole: kuna utepe mwembamba unaoziunganisha, na ukikatika maneti haichaji tena. Chomoa betri. Toa nyaya za mota kwenye bodi, ziguse kwenye betri ya redio ya volti 1.5. Ikizunguka, mota ni nzima, kilichoachia ni kiungo cha risasi; lehemu upya. Isipozunguka, sukuma kizito kwa kidole na usafishe mhimili, maana vumbi letu la kiangazi na nywele hujisokota pale. Betri ya volti 9 usiijaribu, inaweza kuiunguza mota.

Kabla ya kufunga, laza nyaya mbali na matundu ya skrubu. Zikibanwa na ganda, zitakatika tena palepale.