Mchoma nyama wa Lockhart na ami yangu wa Ngamiani

Jumamosi nilipanga foleni saa 2 nzima hapa Lockhart, Texas, nikingoja nyama, na hakuna aliyenung'unika. Kidari cha ng'ombe wanakipaka chumvi na pilipili manga, wanakilaza kwenye moshi wa kuni za mwaloni saa 12 au zaidi, moto mdogo, mtu anakesha nacho. Mchomaji alipotoka na aproni imejaa masizi, mzee aliyekuwa mbele yangu akamvulia kofia. Machozi yakanilenga.

Nilimkumbuka ami yangu, mchoma mishkaki wa Ngamiani, kwetu Tanga. Nyama yake anailaza tangu asubuhi na papai bichi, tangawizi na kitunguu thomu. Jioni makaa yakishakolea, kipepeo mkono mmoja, mkono wa pili unageuza vijiti. Mafuta yakidondoka moto ukaruka, anachovya vidole kwenye kopo la maji, ananyunyiza palepale panapowaka, makaa mengine hayaguswi. Nilipoposa, wakwe walimuuliza baba: "Huyo nduguyo hana kazi?" Na siku ya harusi ndiye aliyewalisha!

Najua mtasema, huyu kaenda juzi tu, keshatuona washamba. Hapana jamani. Mishkaki yetu na ukwaju wenye pilipili sibadilishi na kidari chochote. Na huku mtu anabeba sinia lake, anakula, anaondoka. Kwetu unasimama kando ya jiko la mchomaji, habari za mtaa zote unazipata hapo, ukishiba vijiti vinahesabiwa ndiyo unalipa. Kuaminiana kule sijakuona huku.

Mwingine atasema Wamarekani wana pesa ya kuchezea. Pesa inaingiaje hapa? Ufundi huu kwa sehemu kubwa uliendelezwa na Waafrika waliokuwa watumwa, wakichimba mashimo na kukesha wakichoma nyama za karamu za mabwana zao, na majina yao hayakuandikwa. Leo mchomaji anatajwa kwa jina, na Bunge la jimbo limeutangaza mji huu kuwa makao makuu ya nyama choma ya Texas. Sisi Tanga mchomaji anafukuzwa na jiko lake, leo kona hii kesho ile, halafu wageni wakitoka Dar tunawapeleka kwake kwa kujidai! Inaniuma.

Mwana wa ami hataki kujifunza, anataka bodaboda. Usiku ule nikampigia ami, nikamuuliza papai anatia kiasi gani kwa kilo. Akanyamaza kidogo, akasema: "Una kalamu hapo, mwanangu?"