Kilo nne za tezi, tisa zangu mwenyewe

Januari ya mwaka juzi, Dar es Salaam, nyumba nzima imelala madirisha wazi na feni inazunguka mpaka alfajiri, mimi nimejifunika blanketi. Hilo ndilo lililopaswa kutushtua. Lakini hakuna aliyeuliza habari ya blanketi, hata mimi mwenyewe. Macho ya watu yalikuwa kiunoni.

Kwa mwaka na nusu nilikuwa nimetoka kilo 71 hadi 84. Mwanzoni zilikuwa pongezi: "Umenawiri, ndoa imekukubali." Baadaye fundi aliyekuwa ananishonea sare ya harusi ya mdogo wangu akanipima mara mbili, akanyamaza. Shangazi hakunyamaza. "Mwanangu, punguza wali wa usiku." Nikapunguza. Nikaacha na chapati, nikanywa maji ya limau na tangawizi mpaka tumbo likawa linaniunguza. Mwezi mzima wa mateso ukanipunguzia nusu kilo, na wiki iliyofuata ikarudi.

Wakati huohuo nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, choo kigumu, sauti imekuwa nzito, na saa nane mchana darasani nilitamani kulaza kichwa mezani. Nilikwenda hospitali kwa sababu ya hedhi iliyovurugika. Daktari akanigusa shingo, akaniuliza, "Huwa unasikia baridi?" Nikalia palepale. TSH yangu, kipimo cha damu kinachopanda tezi ya shingoni ikilegea, ilisoma 38, na kwa kawaida haitakiwi kupita 4 hivi.

Nilipomwambia shangazi kwamba naumwa tezi alishangaa, maana kwetu ukitaja tezi watu wanafikiri tezi dume. Hii ni tezi dundumio, ile ya thairoidi, imekaa mbele ya shingo mfano wa kipepeo, na homoni yake ndiyo inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Nikamweleza kwa jiko la mkaa: ukiziba kile kidirisha cha chini, mkaa upo, moto upo, ila chungu hakichemki. Akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Basi nikaanza levothairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo kwa kidonge, nikiwa na matumaini makubwa. Miezi miwili ya kwanza ikapotea. Nilikuwa nakimeza kidonge kwa chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa hakuna aliyenieleza vinginevyo. TSH ikashuka hadi 19, ikakwama. Kumbe kidonge hiki kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa nne. Nilipofuata hivyo, baada ya wiki nane TSH ilisoma 3.1, dozi ileile. (Mwezi wa Ramadhani, kwa ushauri wa daktari, nakimeza usiku kabla ya kulala, yakiwa yamepita masaa matatu au zaidi tangu nile.)

Uvimbe wa uso ukaondoka, pete ikaanza kuzunguka kidoleni, mzani ukasoma 80. Ukasimama hapo.

Nilirudi kwa daktari nimekasirika, nikaomba aniongezee dozi. Akakataa. Akanieleza kwamba tezi iliyolegea kwa kawaida huleta kilo chache tu, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Hizo ndizo zilizoniondoka. Zilizobaki ni mafuta, yaliyojijenga nilipokuwa nimechoka kiasi cha kupanda bodaboda kutoka kituoni mpaka mlangoni. Dozi kubwa ingenipunguza kweli, lakini moyo ungeenda mbio na mifupa ingedhoofika.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeshapata jibu la kuwapa wote walioniangalia kiuno, na daktari kanipunguzia jibu lenyewe. Najua wenzangu wengi wenye tatizo hili hawatapenda kusikia haya. Lakini ningeamini kwamba kilo zote 13 ni za tezi, mpaka leo ningekuwa nakisubiri kidonge. Na nilipoamini kwamba zote ni za mdomo, nilijitesa kwa njaa wakati kidirisha cha jiko kimezibwa. Nimekaa kote kuwili, na kote niliumia.

Ndiyo maana wauzaji wa mitandaoni wananiudhi sana, wenye chai za kuyeyusha mafuta na unga wa mwani wa "kufungua tezi". Jirani yangu aliniletea mwani kutoka Zanzibar, kwa moyo safi kabisa. Mwani una madini joto mengi, ila mimi sikupungukiwa madini joto, chumvi ninayonunua dukani inayo. Ni kinga ya mwili wangu inayoishambulia tezi, na madini joto yakizidi yanaweza kuivuruga zaidi. Wifi naye aliniomba vidonge, "hata kumi tu," apungue kabla ya sendofu. Nilimnyima, akaninunia wiki mbili, na angeniomba tena ningemnyima tena. Kwa mtu mwenye tezi nzima, homoni hii si dawa ya unene. Inaweza kumharibia moyo.

Ninachoomba kwa shangazi zetu, mafundi wetu na hata wahudumu wa afya ni kitu kimoja. Mwanamke akinenepa huku anasikia baridi, amechoka, nywele zinakatika na hedhi haieleweki, aambiwe akapime damu kwanza. Habari ya wali itafuata. Sisi wanawake ndio tunaopatwa zaidi na ugonjwa huu, na tiba yake ni kidonge kimoja kwa siku.

Siku hizi nashuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu, natembea. Mwaka mzima umenipunguzia kilo tatu, nipo 77. Kwa mtoto wa shangazi aliyeanza kutembea siku moja na mimi zimeondoka sita, na bado tunatembea pamoja. Blanketi nimempelekea mama Lushoto.